Somo la Nyumba na Jamaa: Theluji Haipigi Hodi



Somo letu la mwezi huu linahusu nyumba ya shamba wakati wa theluji. Huenda utauliza: theluji inatuhusu nini sisi? Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kibo, wala mama zetu hawakupata hata siku moja kuifagia mlangoni. Swali hilo ni la haki. Lakini ziko sababu mbili za kujifunza habari hii. Ya kwanza, siku hizi watoto wetu wengi wanakwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za baridi, na ni vema sisi tuliobaki tujue wanakutana na nini. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Nyumba haipimwi siku ya kawaida, hupimwa siku ile jambo lisilotazamiwa linapoingia bila hodi. Theluji iliyoviangukia vijiji vya Uingereza mwaka 1947 ilizipima nyumba nyingi kwa muda wa wiki saba na zaidi, na tunaweza kujifunza kwao bila sisi wenyewe kupigwa na baridi.

Unaposoma, shika swali hili moja moyoni: ni kitu gani hasa kilichowaokoa watu wale? Je, ni vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba zao, au ni njia iliyotoka mlangoni kwenda kwa jirani?

1. JINSI ILIVYOANZA

Katikati ya mwezi wa Januari 1947 hali ya hewa Uingereza ilikuwa ya upole kuliko ilivyotazamiwa. Tarehe 16 joto lilifika nyuzi 14 hivi, jambo lisilo la kawaida katika majira ya baridi kule. Watu wakaanza kusema kwamba mwaka huo baridi imewahurumia.

Nao walihitaji huruma. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945 tu, na nchi ilikuwa imechoka. Nyama, siagi, sukari na chai viliuzwa kwa mgao. Hata mkate, ambao haukupata kugawiwa kwa mgao wakati wote wa vita, uliingia katika mgao mwezi wa Julai 1946. Makaa ya mawe, ambayo ndiyo yaliyoendesha treni, viwanda, umeme na majiko ya nyumbani, yalikuwa machache.

Kisha, tarehe 22 na 23 Januari, theluji ikaanza kuanguka upande wa kusini-mashariki. Tangu siku ile mpaka tarehe 17 Machi haikupita siku hata moja bila theluji kuanguka mahali fulani nchini. Sababu yake ilikuwa hii. Upepo wa kawaida wa Uingereza hutoka magharibi, juu ya bahari, nao ni wa upole. Mwaka ule hewa nzito na baridi ilituama upande wa kaskazini, karibu na nchi za Skandinavia, ikaziba njia ya upepo ule, na mahali pake ukaja upepo mkali wa mashariki. Tarehe 25 Februari, mahali paitwapo Woburn, kipimo kilishuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Tukumbuke kwamba maji huganda yakifika sifuri.

Theluji yenyewe ni nyepesi kama pamba. Si uzito wake kwanza uliowashinda watu, bali upepo. Upepo huikokota theluji kutoka uwanda mtupu na kuirundika popote penye kizuizi, yaani ukutani, kwenye ua wa miti, au katika barabara iliyo bondeni. Katika dhoruba za mwanzo wa mwezi Machi yalionekana marundo yenye kimo cha meta tano na zaidi. Barabara zilitoweka. Mtu aliweza kutembea juu ya ua wa shamba lake bila kujua kwamba ua uko chini ya miguu yake.

2. SIKU MOJA KATIKA NYUMBA YA SHAMBA

Sasa tuingie ndani. Tusifikiri kwamba nyumba ya shamba ya Kizungu ya wakati ule ilikuwa kama nyumba za mjini za leo. Nyingi hazikuwa na umeme. Taa ilikuwa ya mafuta ya taa. Maji yalipatikana kisimani au kwa pampu ya mkono uani, na choo kilikuwa nje, mwisho wa bustani. Redio, kwa wale waliokuwa nayo, ilitumia betri ya maji ambayo ilipelekwa dukani kuchajiwa, kama vile wengi wetu tulivyozoea kufanya vijijini. Basi, mama wa nyumba ile asingekuwa mgeni sana jikoni kwetu.

Alfajiri watu waliamka chumbani pasipo na moto. Vioo vya madirisha vilikuwa vimefunikwa na barafu upande wa ndani, kwa sababu pumzi ya waliolala iligeuka maji, na maji yakaganda kiooni. Watoto walivaa nguo wakiwa bado ndani ya blanketi. Kisha wote walishuka kwenda jikoni, kwa sababu jikoni ndipo palipokuwa na lile jiko kubwa la chuma lililopikia chakula, lililochemsha maji, tena lililoota watu wote.

Huo ndio uamuzi wa kwanza wa nyumba yenye busara: kuhamia chumba kimoja. Vyumba vingine vilifungwa. Chini ya milango palisukumwa matambara au magunia kuzuia upepo. Mapazia yaliachwa yamefungwa tangu jioni. Hapo jikoni watu walipika, walikula, walishona, watoto walisoma kwa kuwa shule zilifungwa, na hata mwana-kondoo dhaifu aliweza kuletwa na kulazwa karibu na jiko ndani ya sanduku. Usiku ulipofika, tofali lililopashwa moto au chupa ya udongo yenye maji ya moto ilivingirishwa kitambaa na kutangulizwa kitandani.

Chakula kilitoka wapi, na barabara zimefungwa? Hapa watu wa shamba waliwazidi wenzao wa mjini. Mtu wa mjini alitegemea duka, na duka lilitegemea treni iliyokwama. Mtu wa shamba alikuwa na akiba. Nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi ilining'inia darini. Mayai ya kiangazi yalikuwa yamehifadhiwa katika mtungi wa maji ya dawa. Maharage mabichi yalipangwa na chumvi, tabaka juu ya tabaka. Matunda yalifungwa katika chupa, na jamu ilipangwa rafuni. Mama aliyefanya kazi hiyo mwezi wa Agosti, jua likiwaka, hakujua kwamba theluji itakuja. Alijua tu kwamba siku hazifanani. Wahenga wetu nao walisema: akiba haiozi.

Hata hivyo akiba ina mpaka. Mboga zilizobaki shambani ziliganda pamoja na udongo wake, hata mahali pengine wakulima walitumia mashine za kuvunjia barabara ili wapate kung'oa karoti na mizizi mingine. Viazi vingi vilivyofunikwa kwa nyasi na udongo nje viliingiwa na baridi vikaharibika. Unga ulipokwisha, hapakuwa na namna ila mtu atoke.

Tusisahau kazi ya kufua. Nguo zilizoanikwa nje ziligeuka ngumu kama mbao, na shati liliweza kusimama lenyewe. Zilipoletwa ndani zilijaza jikoni unyevu. Penye mtoto mchanga kazi hiyo haikungoja hali ya hewa. Tukisoma historia tunasikia mengi juu ya treni na viwanda vilivyosimama, lakini vidole vya akina mama vilivyopasuka kwa baridi na maji ya sabuni havikuandikwa sana.

3. MAJI NA MOTO

Ni ajabu kwamba nyumba iliyozungukwa na theluji pande zote inaweza kukosa maji. Pampu iliganda. Wenye busara walikuwa wameivika mapema nyasi kavu na magunia, kama mtu avikwavyo koti. Wengine kila asubuhi walilazimika kuimwagia maji ya moto kabla haijakubali kusukumwa, na kwa ajili hiyo ilikuwa lazima ndoo moja ibaki ndani tangu jana. Asiyebakiza ndoo jioni hakuwa na kitu cha kuifungulia pampu asubuhi.

Ikiwa pampu imeshindwa kabisa, watu huyeyusha theluji. Lakini sentimita kumi za theluji mpya, kwa makadirio ya kawaida, hutoa sentimita moja tu ya maji. Maana yake ni kwamba ndoo kumi za theluji hutoa ndoo moja, na kuni au makaa yanayotumika si machache. Tena wenye uzoefu hutia maji kidogo kwanza chini ya sufuria, ndipo huongeza theluji kidogo kidogo, maana sufuria kavu huungua kabla theluji haijayeyuka.

Na mabomba je? Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu tisa katika mia. Bomba lililojaa halina nafasi hiyo, basi hupasuka. Lakini angalia sana jambo hili: bomba lililopasuka halivuji siku ile, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Mwenye nyumba hupita hapo kila siku akidhani mambo ni salama. Siku ya kuyeyuka ndipo maji yanapomwagika darini. Nyumba nyingi zina mabomba ya namna hiyo hata pasipokuwa na theluji, na wazee wetu walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa habari ya moto, na hapa naomba msomaji asome polepole, kwa maana ni jambo la uhai na kifo, tena latuhusu sisi moja kwa moja. Jiko la nyumba ile ya Uingereza lilikuwa na dohani ya kutolea moshi nje. Kazi mojawapo ya baba wa nyumba ilikuwa kuhakikisha kwamba theluji haijaiziba. Sababu yake ni kwamba moto wa makaa au mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha humjia usingizi, na katika usingizi huo hufa.

Mwezi wa Februari 2021 theluji na baridi kali viliingia jimbo la Texas huko Marekani, nchi ambayo watu wake wengi hawakuizoea baridi ya namna ile. Umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba. Watu zaidi ya 200 walifariki kwa sababu mbalimbali. Miongoni mwao wamo waliokufa kwa hewa hiyo ya sumu, baada ya watu kuingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani, au kuwasha magari katika banda lililoungana na nyumba ili wapate joto. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wazazi waliotafuta joto kwa ajili ya watoto wao.

Je, sisi hatuna nyumba za namna hiyo? Katika miinuko yetu ya baridi, kama Njombe, Makete, Lushoto na Limuru, ni watu wangapi wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga mlango na dirisha? Mkaa uliokoma kutoa moshi bado unatoa sumu. Basi na iwe sheria ya nyumba: jiko la mkaa halilali ndani na watu. Ota moto mahali penye hewa, kisha litoe nje kabla ya kulala, ujifunike vema. Mkiwa ndani na wawili au zaidi wakaanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote mara moja, ndipo mtafute msaada wa mganga.

4. MIFUGO HAINGOJI

Mtu wa mjini akiona theluji nyingi aweza kurudi kitandani. Mfugaji hawezi. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, theluji iwepo isiwepo. Hunywa maji lita 50 na zaidi kwa siku, nayo yalikuwa yameganda birikani. Basi kabla ya chai kulikuwa na kuvunja barafu, kuchimba njia kwa beleshi toka mlangoni hadi zizini, kubeba majani makavu, na kukamua kwa mikono iliyokufa ganzi. Maziwa nayo yalikaa. Gari la kuyachukua halikuweza kufika, na pengine makopo makubwa yalikokotwa juu ya theluji kwa farasi au trekta mpaka barabara kuu. Yaliyoshindikana yalifanywa siagi, au yalimwagwa.

Lakini waliopata hasara kubwa kuliko wote ni wafugaji wa kondoo milimani. Kondoo akipigwa na upepo hutafuta kivuli cha ukuta wa mawe. Ni akili njema siku zote, isipokuwa siku ya dhoruba ya theluji, maana ndipo hapo hapo, nyuma ya ukuta, upepo unapoitua theluji yote. Mahali pa kimbilio panageuka kuwa kaburi. Ndiyo maana mchungaji mzoefu, akiona dalili za mbingu, hulitoa kundi ukutani na kulipeleka mahali pa wazi, ingawa kondoo wenyewe hawataki.

Waliofunikwa hawakufa wote mara moja. Theluji huzuia baridi kama blanketi, na kondoo aweza kuishi chini yake siku nyingi, akila hata manyoya yake mwenyewe. Wachungaji walikwenda na mbwa wenye kunusa na fimbo ndefu, wakichoma theluji taratibu, wakitafuta kitundu kidogo kilichoyeyushwa na pumzi. Wakikiona, walichimba. Wengine walipatikana hai baada ya siku nyingi. Hata hivyo inakadiriwa kwamba karibu robo ya kondoo wa nchi ile walikufa katika majira yale, na familia nyingi zilipoteza kundi lililojengwa na baba na babu.

5. NJIA YA KWENDA KWA JIRANI

Sasa tunarudi kwenye swali letu. Nyumba yenye akiba, yenye moto na yenye maji iliweza kukaa wiki mbili bila kuhitaji mtu. Lakini si kila nyumba ilikuwa hivyo. Mwisho wa njia palikuwa na bibi mzee anayeishi peke yake, ambaye makaa yake yalikwisha siku ya tano. Ng'ambo ya shamba palikuwa na mama aliyekaribia kujifungua. Hao hawakuweza kuchimba njia kwenda kwa mtu yeyote. Ilikuwa lazima njia ichimbwe kutoka upande wa pili.

Ndivyo ilivyofanyika katika vijiji vingi. Wanaume walikusanyika na mabeleshi, wakachimba siku nzima, na upepo ukaifukia njia usiku, nao wakarudi kesho yake. Waliofunga safari kwenda mji wa karibu walileta mikate kwa magunia mgongoni, si ya nyumba zao tu. Barabara kubwa zilifunguliwa na askari, na pamoja nao wafungwa wa vita wa Kijerumani ambao walikuwa bado hawajarudishwa kwao. Fikiri jambo hilo, ndugu: watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa maadui, sasa wanachimba theluji ili gari la mkate lifike kijijini.

Kuna waliolipa bei kubwa zaidi. Katika milima ya mkoa wa Staffordshire vijiji kadhaa vilikuwa vimetengwa kabisa, na Jeshi la Anga likaamua kuvidondoshea chakula. Tarehe 13 Februari 1947 ndege aina ya Halifax iliyobeba chakula hicho ilianguka karibu na kijiji cha Grindon katika hali mbaya ya hewa. Watu wote wanane waliokuwamo walikufa, wanajeshi sita na wapiga picha wawili wa magazeti. Kumbukumbu yao imewekwa katika kanisa la kijiji kile mpaka leo. Hawakuwa na ndugu pale. Walikwenda kwa sababu walijua kuna watu upande wa pili wa theluji.

Basi jibu la swali letu ni kwamba vyote viwili vilihitajika, ila kimoja kilikuja kwanza na kingine kilikuwa kikubwa. Akiba ilikuja kwanza, maana mwenye njaa hana nguvu ya kuchimba. Lakini njia ndiyo kubwa, kwa sababu akiba iliyofungiwa ndani huokoa nyumba moja tu, nayo kwa siku chache. Anayesoma habari za yule mke mwema katika Mithali sura ya 31 ataona jambo hili hili. Imeelezwa kwamba hana hofu ya theluji kwa ajili ya watu wake, kwa kuwa amekwisha kuwavika. Lakini mstari unaotangulia huo unaeleza kwamba mkono wake umenyoshwa kwa maskini. Nyumba yake ilikuwa tayari, na mlango wake ulikuwa wazi.

6. KUYEYUKA

Tarehe 10 Machi upepo wa upole ulianza kuingia kutoka kusini-magharibi, pamoja na mvua. Watu walifurahi, lakini taabu haikuwa imekwisha. Ardhi chini ya theluji ilikuwa imeganda kama sakafu, haikuweza kunywa maji. Maji ya theluji ya wiki saba yalikimbilia mitoni kwa mara moja. Mito ya Thames, Severn, Trent na Ouse ilifurika. Tarehe 16 Machi tufani kali ilivuma, na katika nchi tambarare ya mashariki kingo za mito zilivunjika, mashamba yakawa bahari. Maelfu ya nyumba ziliingiwa na maji, zikiwamo nyumba zilizokuwa zimeokoka salama katika baridi.

Tunajifunza kwamba taabu ina mkia. Aliyepumzika mapema, akasema yamekwisha, alikutwa na vitu vyake sakafuni. Hivyo hivyo kwetu: baada ya mafuriko huja maji machafu na kipindupindu, na baada ya ukame mvua ya kwanza huchukua udongo. Kazi ya jirani haiishi siku ile jua linapotoka.

7. TUFANYE NINI?

Kwetu theluji haitaanguka uani. Lakini mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na madaraja, vijiji vikatengwa kama vile vya Staffordshire. Mto ukijaa ghafula haupigi hodi, wala maradhi hayapigi hodi. Basi wiki hii kila nyumba ijaribu mambo haya manne:

(a) Jioni kabla ya kulala, pawe na maji ya kutosha asubuhi, kiberiti mahali kinapojulikana hata gizani, na taa yenye mafuta au betri.

(b) Pawe na chakula kikavu cha siku saba ambacho hakiguswi ila kwa dharura, nacho kibadilishwe kila baada ya muda ili kisiingie wadudu.

(c) Kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto na msaidizi wa kazi, aelezwe hatari ya kulala na jiko la mkaa.

(d) Taja kwa jina mtu mmoja katika mtaa wako ambaye hataweza kuja kwako siku ya taabu. Kisha mwende kumtembelea sasa, wakati njia bado ni kavu, ili mjue mlango wake uko upande gani na anahitaji nini.

Hilo la nne ndilo rahisi kuahirishwa. Tafadhali lisiahirishwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini watu wa shamba walikuwa na chakula kuliko watu wa mjini mwaka 1947? Je, hali iko hivyo bado katika kijiji chetu?

2. Ukuta uliokuwa kimbilio la kondoo uligeuka kuwa hatari. Tajeni jambo moja katika nyumba zetu tunalolidhani ni usalama, kumbe lina hatari.

3. Ni "bomba gani lililopasuka" katika jamaa zetu ambalo halijaanza kuvuja?

4. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye hawezi kuchimba njia yeye mwenyewe? Nani kati yetu atakwenda kwake kabla ya mkutano ujao?

Kikundi kisiachane kabla ya kulijibu swali la nne kwa jina la mtu na siku ya kwenda.